Leseni Iliyokwisha Haizuii Virusi

Kompyuta si chombo cha ofisini peke yake tena. Kutoka Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, na ng'ambo ya maji huko Unguja, imo nyumbani mwa mwalimu, mwa mfanyabiashara, mwa mwanafunzi na mwa mtumishi wa Serikali. Humo mnahifadhiwa hesabu za duka, hati za viwanja, maombi ya mikopo ya masomo na picha za jamaa waliotangulia mbele ya haki. Ni mali halisi, ijapokuwa haishikiki. Lakini ulinzi wake mara nyingi ni wa jina tu.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka miaka ya 1990. Mashine chache zilizokuwapo wakati huo zilikuwa na wataalamu wa kuzitunza. Leo mtunzaji wa kompyuta ya nyumbani ni mwenye nyumba mwenyewe, na hapana budi aijue kazi yake.

Wenzetu wa Unguja wanakijua vyema Kisiwa cha Changuu, ambacho zamani kilitumika kama karantini. Wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi waliwekwa huko kwanza kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Flashi ya leo haina Changuu yake. Inachomekwa steshenari ili barua ichapwe, inachomekwa shuleni, inavuka bahari mfukoni mwa abiria, kisha inachomekwa nyumbani bila kukaguliwa. Programu ya kuzuia virusi ndiyo karantini ya kompyuta, na karantini isiyo na mganga haifai kitu.

Mganga huyo ni uhuishaji wa kila siku. Programu hizi hufanya kazi, kwa sehemu kubwa, kwa kulinganisha kila faili na orodha ya virusi vinavyojulikana. Virusi vipya hutokea kila siku, na orodha ya mwaka jana haiwezi kuvitambua. Hali ni hiyo hiyo kwa mfumo mzima wa kompyuta. Mwezi Mei 2017 programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili ya watu katika nchi zipatazo 150 na kuwadai fidia, na hospitali nyingi za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Dawa ya kuziba ufa ule ilikuwa imekwisha kutolewa na Microsoft tangu Machi, miezi miwili kabla. Waliopatwa ni wale ambao hawakuuziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Je, mwananchi achague programu gani? Kwa maoni yetu, aanze na kile alicho nacho. Kompyuta zenye Windows 10 au Windows 11 huja na kinga yake iitwayo Defender, isiyo na malipo wala leseni ya pembeni. Kwa mtu wa kawaida anayekubali kuihuisha, kinga hiyo yatosha. Bali aelewe kwamba Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo anayenunua kompyuta iliyokwisha kutumika aulize kwanza kama yaweza kubeba mfumo mpya.

Aidha, si kila cha bure ni bure. Mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliiamuru kampuni ya Avast kulipa dola milioni 16.5, kwa kuwa taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji wake ziliuzwa kwa watu wengine. Mlinzi alikuwa akiuza siri za nyumba.

Anayeamua kununua asisahau kwamba hakununua programu, amekodi ulinzi kwa muda. Leseni ina mambo matatu: tarehe ya mwisho, idadi ya mashine, na akaunti iliyosajiliwa. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Fundi huisajili leseni kwa barua pepe yake mwenyewe, na siku akihama mji, mteja hana mlango wa kuingilia. Muuzaji mwingine huuza ufunguo mmoja kwa watu wengi, hata mwenye programu akaona idadi imepita kiasi na kuufunga. Mwingine huweka programu mbili kwa pamoja akidhani nguvu imeongezeka, kumbe zinagombana na kuilemea mashine. Tena ile ya majaribio iliyokuja na kompyuta, muda wake ukiisha, iondolewe kabisa ili Defender ishike lindo.

Tunashauri pia leseni ya mwaka mmoja badala ya mitatu. Mwaka 2024 Serikali ya Marekani ilikataza programu ya Kaspersky kuuzwa na kuhuishwa nchini humo, na wateja wake wakajikuta wamehamishiwa programu nyingine. Uamuzi wa mbali waweza kuifuta leseni iliyolipiwa kwa halali.

Kuhusu nakala za wizi zilizovunjwa kufuli, hatuna maneno laini. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta Bara, na Zanzibar inayo sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003. Lakini hata tukiiweka sheria kando, anayeweka nakala hiyo mara nyingi huambiwa aizime kinga kwanza. Amemfungulia mlango mtu asiyemjua, kisha akamkabidhi rungu la mlinzi.

Sasa tunawageukia viongozi. Mtumishi anayebeba orodha ya wagonjwa au ya walipa kodi katika flashi akamalizie kazi nyumbani amebeba dhamana ya umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu azilinde. Haitoshi basi kulinda kompyuta za ofisi na kuisahau ile ya nyumbani inayofanya kazi hiyo hiyo. Ama kazi isitoke ofisini, ama mashine ya nyumbani ipewe leseni halali.

Kila halmashauri na kila idara iwe na daftari moja la leseni, na ofisa mmoja wa kulijibia. Gharama yake iwekwe katika matumizi ya kawaida ya kila mwaka, kama umeme na maji. Wala leseni isiachwe ikaisha mwanzoni mwa Julai, wakati bajeti mpya imepita na fedha bado hazijafika. Wauzaji nao watakiwe kuandika katika stakabadhi tarehe ya mwisho wa leseni na idadi ya mashine zake.

Mwananchi naye aandike tarehe hiyo ukutani, kando ya kalenda, na aweke nakala ya pili ya mafaili yake katika diski isiyochomekwa wakati wote. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu wala mkopo. Yahitaji dakika chache na bando dogo, kabla ya siku ambayo hati ya kiwanja itafunguliwa na isionekane.