Ukumbi wa Watu Themanini

Imani iliyoenea miongoni mwa wasikilizaji, mapromota na hata wanamuziki wenyewe ni kwamba ukubwa wa muziki hupimwa kwa ukubwa wa umati unaoufuata, na kwamba bendi inayopiga mbele ya watu themanini katika chumba chenye dari fupi ama haijafika bado, ama imekwisha kushindwa. Methali hutolewa kuwa ushahidi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi methali hiyo imepewa nguvu mpya na tarakimu za watazamaji zinazoandikwa chini ya kila video, kiasi kwamba kijana wa Dar es Salaam, au wa Matonge, mtaa wenye asili ya Kikongo ulioko Ixelles jijini Brussels, huweza kuuhukumu wimbo kabla hajausikia. Imani hii ni potofu, na madhara yake hayaishii kwenye ladha za watu, kwa sababu ndiyo inayowapa watawala wa miji, wenye majengo na wafadhili kisingizio cha kuziacha kumbi ndogo zife moja baada ya nyingine.

Brussels ni mahali pazuri pa kuipima imani hiyo, kwa kuwa mji huo una uhai mkubwa wa roki huru, yaani muziki wa magitaa ya umeme, besi na drams unaotungwa na bendi zisizofungwa na mikataba ya kampuni kubwa za kurekodi. Katika ngazi ya juu zipo taasisi zinazopata ruzuku ya serikali: Botanique, iliyo ndani ya majengo ya bustani ya mimea iliyofunguliwa mwaka 1829 na kugeuzwa kituo cha utamaduni mwaka 1984, hufadhiliwa na jumuiya ya wanaozungumza Kifaransa, na Ancienne Belgique, kwenye barabara ya Anspach, hufadhiliwa na jumuiya ya wanaozungumza Kiholanzi. Chini ya taasisi hizo kuna mikahawa, vyumba vya chini ya ardhi, viwanda vilivyoachwa na vyama vya kujitolea kama Magasin 4, kilichoanza mwaka 1994, na humo ndimo bendi za mji huo hupiga kwa mara ya kwanza, mara ya kumi na, kwa nyingi, mara ya mwisho. Usiku wa namna hiyo kwa kawaida huwa na bendi tatu zinazoazimana drams na vikuza sauti ili kuokoa muda, fundi mitambo mmoja anayeirekebisha sauti ya kila kundi kwa dakika chache, na wasikilizaji ambao wengi wao ni wanamuziki wa bendi nyingine, hivyo kila kosa hutambuliwa na kila jambo jipya hutambuliwa vilevile.

Wanaoamini umati hawana maelezo ya kutosha kuhusu tukio la tarehe 16 Oktoba 1979 katika Plan K, kiwanda cha zamani cha kusafishia sukari kilichoko barabara ya Manchester, Molenbeek, ambacho kikundi cha michezo ya jukwaani kilikuwa kimekigeuza kituo cha sanaa. Usiku huo walipiga Joy Division, kundi lenye asili ya Manchester yenyewe, ambalo wakati huo lilikuwa na albamu moja tu, iliyotolewa Juni mwaka huohuo na lebo ndogo ya mji wao, nakala za kwanza zikiwa 10,000. Kwa kipimo cha soko la muziki la siku hizo, lililohesabu mauzo kwa mamilioni, hilo lilikuwa jambo dogo sana. Hata hivyo Annik Honoré na Michel Duval, waliokuwa wakiandaa maonyesho katika ukumbi huo, walianzisha mwaka uliofuata lebo ya Les Disques du Crépuscule, na pamoja nayo likazaliwa tawi la Ubelgiji la lebo hiyo ya Manchester, Factory Benelux. Na kaseti ya kwanza ya Crépuscule iliyotoka Novemba 1980 ikaliweka jina la Brussels katika ramani ya muziki wa Ulaya. Walioupatia mji huo sifa hiyo walikuwa watu wachache waliosimama karibu na jukwaa kiasi cha kutamani kufanya jambo wao wenyewe, na hiyo ndiyo kazi ambayo umati wa uwanjani hauwezi kuifanya, kwa kuwa anayetazama kutoka mita mia mbili hujifunza kushangilia tu.

Hoja ya fedha hutolewa kwa sauti kubwa zaidi, nayo inastahili kujibiwa kwa tarakimu. Ikiwa watu 80 watalipa kiingilio cha yuro 8 kila mmoja, mlangoni zitakusanywa yuro 640. Zikigawiwa bendi tatu zenye watu wanne wanne, kila mwanamuziki atapata kama yuro 53, na hapo fundi mitambo hajalipwa, wala umeme, wala malipo ya hakimiliki yanayokusanywa na Sabam, chama cha watunzi cha Ubelgiji kilichoanzishwa mwaka 1922. Hesabu hii ni ya kweli, na wanaoitumia kuthibitisha kwamba shughuli hiyo haina thamani wanapima saa moja ya jukwaani huku wakiziacha saa mia zilizoitangulia. Bunge la Ubelgiji limeonyesha uelewa zaidi yao: sheria ya tarehe 16 Desemba 2022, iliyounda tume ya kuwatambua wafanyakazi wa sanaa, imekubali kwamba mazoezi, utungaji na matayarisho ni sehemu ya kazi inayoweza kuzingatiwa msanii anapoomba hadhi inayomfungulia ulinzi wa hifadhi ya jamii. Kwa maneno mengine, dola imekiri kisheria jambo ambalo wapenzi wa umati hulikataa, kwamba mwanamuziki huwa kazini hata pale ambapo hakuna anayemshangilia.

Wapo wenye msimamo wa upole zaidi, wanaosema kwamba kumbi ndogo zina faida kwa kuwa ni ngazi ya kupandia kwenda kwenye kumbi kubwa. Huu ni utetezi unaoua kinachotetewa. Ni kweli kwamba baadhi ya bendi hupanda. Whispering Sons, walioshinda mwaka 2016 shindano la Humo's Rock Rally linaloandaliwa na jarida la Humo tangu 1978, walitoka katika vyumba vya namna hiyo wakafika kwenye matamasha makubwa ya Ulaya. Lakini ukumbi ukihukumiwa kwa idadi ya waliotoka humo wakawa mashuhuri, bendi nyingi ambazo hazikupanda zitaonekana kuwa takataka za uzalishaji, ilhali kuna nyimbo zinazohitaji chumba kidogo ili ziwepo: nyimbo ambazo ukimya wa ghafla ndani yake husikika kwa kuwa hakuna minong'ono ya maelfu, ambazo ngoma yake humfikia msikilizaji moja kwa moja bila kupitia kipaza sauti, na ambazo mtunzi anaweza kuzibadilisha wiki ijayo kwa kuwa aliona uso wa mtu wa mstari wa pili ukipoteza hamu. Muziki huo una kimo chake kamili pale pale ulipo.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu na magitaa yao, na dhana hiyo nayo haina msingi. Wakati wa mkutano wa Meza ya Duara wa Januari na Februari 1960, uliopanga uhuru wa Kongo, Joseph Kabasele na bendi yake ya African Jazz walifika Brussels wakiwa na magitaa ya umeme, miaka miwili na zaidi kabla ya Beatles kutoa wimbo wao wa kwanza mwaka 1962, na wimbo wao wa uhuru ulipigwa kwanza katika ukumbi wa Hoteli Plaza mbele ya wajumbe na wageni wao, kabla redio hazijausambaza barani kote. Miongo minne baadaye, lebo ya Crammed Discs, iliyoanzishwa Brussels na Marc Hollander, mwanamuziki aliyetoka katika duru ndogo za majaribio, ilitoa mwaka 2004 albamu ya Konono N°1, kundi la Kinshasa lililoasisiwa na Mawangu Mingiedi, ambalo lilikuwa limetumia miaka mingi kupiga likembe, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, kupitia maikrofoni zilizoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari. Vincent Kenis, mtayarishaji wa albamu hiyo, alikuwa amelitafuta kundi hilo kwa miaka mingi, wala hakuna tarakimu ya soko iliyomwelekeza kwake. Mwaka 2010 bendi za roki huru za Marekani na kwingineko, miongoni mwao Deerhoof, zilitoa albamu nzima ya kulijibu kundi hilo na wenzake. Aliyejifunza kusikia mkwaruzo wa gitaa katika chumba kidogo aliutambua mkwaruzo wa likembe mara moja.

Afrika Mashariki yenyewe ilikuwa na utaratibu uliolinda jambo hilihili. Bendi za dansi za Tanzania zilimilikiwa na vyama na mashirika ya umma: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ya mwaka 1978 ikaja kuwa mali ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Wanamuziki walipata mshahara, walikuwa na ukumbi wao wa kila wiki, na wimbo mpya ulipigwa mbele ya wachezaji waliozoeana nao kabla ya kupelekwa kurekodiwa Radio Tanzania. Wanaosema leo kwamba muziki unaohitaji ruzuku ni muziki uliokufa wanapaswa kueleza kwa nini nyimbo zilizotungwa chini ya mishahara hiyo bado zinapigwa katika kila harusi. Nairobi nayo ilionyesha mwaka 2020, pale Duma, vijana wawili waliotoka katika bendi za roki nzito za mji huo, walipotoa albamu kupitia lebo ya Kampala ya Nyege Nyege Tapes na kupokewa kwa heshima Ulaya, kwamba duru ndogo isiyotambuliwa na redio za nyumbani inaweza kuwa na sauti ambayo haipo popote pengine.

Kinachoziua kumbi hizi kwa kawaida ni kodi ya pango na malalamiko ya majirani. Tangu tarehe 21 Februari 2018 jimbo la Brussels limeweka ngazi tatu za sauti iliyokuzwa kwa mitambo, desibeli 85, 95 na 100, na masharti huongezeka kadiri ngazi inavyopanda. Sheria hiyo hulinda masikio na ni ya busara. Tatizo lilionekana Januari 2023, pale Fuse, klabu ya muziki wa kielektroniki iliyokuwa ikifanya kazi barabara ya Blaes tangu 1994, ilipotangaza kufunga milango kufuatia malalamiko ya jirani mmoja na masharti makali yaliyotokana nayo, kabla ya kupata nafuu na kufungua tena. Fuse ilikuwa na jina kubwa na ilitetewa na mji mzima. Chumba cha watu themanini hufungwa bila habari yake kuandikwa. Jimbo la Victoria nchini Australia mwaka 2014, na Uingereza mwaka 2018, ziliingiza katika taratibu za mipango miji kanuni kwamba anayejenga makazi mapya karibu na ukumbi uliotangulia ndiye anayegharimia vizuia sauti. Kanuni hiyo inastahili kudaiwa kila mji, Nairobi ikiwemo, ambako mwishoni mwa Novemba 2022 serikali ya kaunti ilitangaza kuvifungia vilabu vya usiku vilivyo katika maeneo ya makazi. Wakazi walikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa usingizi ni haki ya kila mtu. Lakini chumba kilichozibwa vizuri, kinachopigiwa bendi hadi saa nne usiku, hakipaswi kuhesabiwa sawa na baa inayofungulia spika barabarani hadi alfajiri, na wanaoandika makatazo hayo ndio wenye wajibu wa kuiweka tofauti hiyo kwenye karatasi.