Injini ya bei poa yaweza kula mtaji

Injini ya 2L ya Hilux ya dizeli ikifa, mkulima hukimbilia Kariakoo kununua iliyotumika kutoka Japan. Huambiwa 2L zote ni moja. Si kweli. 2L ya kawaida, ya cc 2,446, haina kompyuta. 2L-TE ina ukubwa ule ule, lakini ina turbo na pampu yake ya dizeli huongozwa na kompyuta. Ikinunuliwa bila kompyuta hiyo na waya zake, ni chuma tu. Fundi ataanza kusaka pampu nyingine huku nyanya zikioza shambani, na hasara hiyo muuzaji haihesabu.

Heri kuongeza fedha kidogo kwa 3L ya cc 2,779 au 5L ya 2,986 (si 5L-E, nayo ina kompyuta). Hata hivyo, sampo ya injini iliyotoka kwenye Hiace huenda isikae kwenye Hilux, hivyo ya zamani isitupwe.

Wauzaji walazimishwe kuandika alama kamili ya injini kwenye risiti. Mnunuzi naye atahitaji risiti hiyo TRA, maana namba ya injini imo kwenye kadi ya gari.