Tupime, Tutende, Tupime Tena

Mtu asimamaye Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Zambia, huona magunia ya mahindi na viazi yakipakiwa kwenda kulisha miji. Hawezi kuamini kwamba Mkoa wa Njombe una upungufu wa chakula. Na kweli hauna. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa nusu ya watoto wa mkoa huo wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1983, Njombe ilipokuwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa, Serikali, ikisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito kijijini, na wanakijiji wenyewe wakajiuliza: kwa nini huyu amepungua? Mara nyingi jibu halikuwa ghala tupu. Mama alikuwa shambani kutwa, mtoto akala mara mbili tu, au maradhi yalimwandama. Wakaamua la kufanya: wakaanzisha vituo vya kulelea watoto, wakaongeza idadi ya milo, kisha wakapima tena. Lililofaa likaendelezwa, lisilofaa likabadilishwa. Ilipofika mwaka 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walikuwa wameshuka kutoka asilimia 56 hadi asilimia 38.

Fundisho lake ni dhahiri. Fikra haithibitishwi na semina wala na taarifa iliyogongwa muhuri, bali na mizani. Takwimu ipandayo wilayani bila kurudi kijijini haimfunzi mtu yeyote.

Kwa hiyo, hapana budi watumishi na walimu wa Njombe wairudie njia hiyo. Mwalimu aifanye bustani ya shule kuwa mahali pa kujaribu, na wanafunzi waandike kilichoota na kilichokufa. Ofisa naye asione haya kusema mbele ya wananchi kuwa jaribio lake limeshindwa. Kushindwa si aibu. Aibu ni kurudia kosa lile lile kila mwaka wa fedha, huku mtoto akiendelea kudumaa kando ya ghala lililojaa.