KRA inasema ulipata zaidi ya ulivyoandika? Anzia hapa

Kwa kawaida safu hii ni ya chanjo, lishe na homa za watoto. Leo nazungumzia ushuru, kwa sababu wauguzi ninaokutana nao kazini wananieleza kisa kilekile: barua pepe inaingia ikisema mapato uliyotangaza hayalingani na yaliyo kwenye rekodi za KRA, na chini yake pana deni. Wengine hawamwambii mume wala mke. Usingizi unapotea, shinikizo la damu linapanda, na karo ya muhula ujao inapigiwa hesabu upya kimoyomoyo usiku wa manane.

Kwanza hakikisha ujumbe umetoka KRA kweli. Usibonyeze kiungo kilichomo. Ingia iTax mwenyewe kwa PIN yako uone kama notisi ipo. Matapeli wanajua jina hilo linavyotisha, na yeyote anayekutaka utume pesa kwa nambari yake ya simu ili "akumalizie" ni wa kukatiwa simu.

Ukiikuta, jua ilivyotokea. Kila mwezi mwajiri wako huiarifu KRA mshahara aliokulipa na PAYE aliyokata. Waliokulipa kwa kazi ya siku chache na kukukata asilimia 5 nao hupeleka taarifa zao. Hizo zote hulinganishwa na ritani uliyowasilisha. Jumla zikitofautiana, unaulizwa. Hakuna aliyekuita mwizi bado.

Kwa familia nyingi za mishahara, chanzo ni kazi mbili. Chukua muuguzi anayelipwa Sh60,000 kwa mwezi katika hospitali moja, na Sh20,000 katika nyingine anakofanya zamu za wikendi kama mwajiriwa. Hospitali ya pili haijui habari za ile ya kwanza. Inapiga asilimia 10 ya 20,000, inapata 2,000, kisha inaondoa nafuu ya Sh2,400 ambayo kila mfanyakazi hupewa kwa mwezi. Ushuru unabaki sufuri. Tatizo ni kwamba nafuu hiyo ni moja kwa mtu mmoja, naye alishaipata kwenye kazi ya kwanza. Zile 20,000 zinapandishwa juu ya 60,000, mahali ambapo kiwango ni asilimia 30. Anadaiwa 6,000 kwa mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka kabla ya kuangalia makato mengine yanayoweza kupunguza kidogo. Hakumdanganya mtu, na bado deni ni lake.

Zamu za lokamu nazo zina mtego wao. Ukikatwa ile asilimia 5 unadhani umemaliza. La, hiyo ni sehemu tu ya malipo. Mapato yote huandikwa kwenye ritani, na kile ulichokatwa huondolewa kwenye ushuru unaodaiwa. Cheti cha makato hayo kiko iTax, kitafute.

Halafu kuna saiba. Juni 30 inakaribia, foleni ni ndefu, kijana wa saiba anakuwekea ritani ya sufuri ilhali una P9 mkononi. Kwa maoni yangu hii ndiyo huduma ghali zaidi mtu anaweza kununua kwa shilingi mia chache.

Sasa kaa na kalamu. Weka P9 za waajiri wote wa mwaka huo, hati za mishahara, vyeti vya makato na ritani uliyowasilisha. Tafuta ni kiasi gani hasa kimetofautiana na kimetoka kwa nani. Mara nyingine kosa ni lao: mwajiri ameandika mshahara mara mbili, au alikukata PAYE na haikufika KRA. Hati za mishahara zinazoonyesha makato ndizo zitakazokutetea, kwa hiyo usizitupe kabla ya miaka 5.

Soma pia aina ya barua. Ikiwa ni ya kuuliza tu, jibu ndani ya siku ilizotaja, ukiambatisha ushahidi. Ikiwa tayari ni makadirio rasmi ya ushuru, una siku 30 tangu uarifiwe kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, ukieleza ni kiasi gani unapinga na kwa nini. Hapa wengi huteleza: sehemu usiyoipinga unatakiwa uilipe, au uombe muda wa kuilipa, la sivyo pingamizi lako halitakubaliwa. KRA nayo ina siku 60 za kuamua, na zikipita kimya, pingamizi halali huhesabiwa limekubaliwa. Ukikataliwa, una siku nyingine 30 za kwenda kwa Jopo la Rufaa za Ushuru.

Kama siku 30 zilikupita ukiwa mgonjwa, usikate tamaa. Sheria inataja ugonjwa waziwazi kuwa sababu ya kuomba kuongezewa muda. Ile barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini ambayo huwa tunaifungia vitu sokoni, hapo ina thamani.

Na ukikuta deni ni la kweli? Kunyamaza kunaliongeza. Kwenye zile 72,000, faini ya kuchelewa ni asilimia 5, yaani 3,600, na riba ni asilimia 1 kwa kila mwezi, yaani 720. Unaweza kuomba kulipa kwa awamu. Ila pendekeza kiasi mlichokubaliana nyumbani, mkiwa mmeweka mezani kodi ya nyumba, karo na chakula. Ahadi ya 15,000 kwa mwezi iliyotolewa na mtu mmoja kwa siri huvunjika mwezi wa pili, na mwenzako anakuja kujua siku ambayo mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo.

Wakati huohuo mwandikie anayeshughulikia mishahara kwenye kazi ya pili, umwambie una mwajiri mwingine anayekupa nafuu, ili akukate inavyotakiwa kuanzia mwezi huu. Mshahara utapungua, ndiyo, lakini deni la mwaka ujao litakuwa limekoma kukua.