Kundi la damu linapokificha kipimo cha saratani

Baba wa miaka 58 amepungua uzito bila sababu, na maumivu ya tumbo la juu yanapenya hadi mgongoni. Anapimwa damu na majibu ya kipimo kiitwacho CA 19-9 yanatoka: namba iko chini kabisa. Nyumbani kila mtu anashusha pumzi. "Si saratani, tumshukuru Mungu," wanasema, na safari ya kurudi hospitali inaahirishwa.

Kuahirisha huko kunaweza kumgharimu maisha.

CA 19-9 ni kiashiria kinachopimwa kwenye damu, hasa kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho na ya mirija ya nyongo. Kwa kawaida, kiwango kisichozidi uniti 37 kwa mililita huhesabiwa kuwa salama. Tatizo ni kwamba si kila mwili unaweza kukitengeneza kiashiria hicho.

Wazazi wengi wanayajua makundi ya A, B, AB na O, pamoja na ile Rh chanya au hasi wanayoambiwa kliniki ya wajawazito. Lakini yapo makundi mengine ya damu, likiwamo la Lewis, ambalo halipimwi kwa kawaida. CA 19-9 hutokana na sukari za kundi hili la Lewis. Mtu aliyezaliwa bila kimeng'enya kinachozitengeneza huitwa Lewis hasi. Mtu huyo anaweza kuwa na uvimbe mkubwa, lakini kiashiria chake kikabaki chini kana kwamba hakuna kitu.

Kuwa Lewis hasi si ugonjwa. Hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa Wazungu, hali hii huwapata watu 5 hadi 10 kati ya 100. Kwa watu wenye asili ya Afrika idadi huwa kubwa zaidi, ndiyo maana jambo hili linazihusu sana familia zetu.

Upande wa pili nao upo. Namba ikiwa juu, haina maana kwamba tayari ni saratani. Vijiwe vilivyoziba mirija ya nyongo, uvimbe wa kongosho unaotokana na maambukizi au pombe, na magonjwa ya ini vinaweza kuipandisha.

Kwa sababu hizo, CA 19-9 haitumiki kumpima mtu mzima asiye na dalili, wala haitoshi peke yake kuthibitisha au kukanusha saratani. Kazi yake kubwa ni kufuatilia mgonjwa aliyekwisha kugundulika, kuona kama matibabu yanafanya kazi. Kwa aliye Lewis hasi, daktari hutegemea zaidi picha za CT-Scan, kinyama kinachochukuliwa na kupelekwa maabara, na wakati mwingine kiashiria kingine kama CEA.

Ukimsindikiza mzazi wako hospitali, muulize daktari: "Namba hii iko chini mno, je, inawezekana mwili wake hautengenezi kiashiria hiki?" Na kama macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kimepauka au kisukari kimeanza ghafla ukubwani huku uzito ukishuka, mrudishe hospitali hata kama karatasi ya majibu inasema yuko salama.