Afugaye Ndiye Mlezi

Kuna wenzetu wasemao tusijisumbue na samaki wa maabara. Ati gapi hana uchungu wa mwana, akizaa huwala watoto wake mwenyewe! Ni kweli huwala. Lakini ni sisi tuliomfungia katika tangi la kioo lisilo na maficho. Kwa hivyo ulezi ni wetu.

Gapi hatagi mayai, huzaa watoto walio hai baada ya takriban wiki 4. Tumbo likijaa na doa jeusi likikolea upande wa nyuma, tumtenge katika chombo chenye majani mengi ya majini. Akishazaa tu, arudishwe kwa wenzake. Vifaranga wapewe kiini cha yai la kuchemsha, chembe kidogo tu, maana mabaki huoza. Maji ya mfereji yalale kwanza siku nzima, klorini itoke. Najua Machakos maji ni shida, lakini yale machafu yatanyweshea miche.

Wakizidi, tusiwamwage Mto Athi! Mbuta aliyetiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 aliwaangamiza samaki wengi wa asili.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tukishindwa kulea, basi tusifuge.