Tupime Maisha, Tusipime Mapigo ya Moyo Peke Yake

Mgonjwa akirudi nyumbani kutoka hospitali akiwa hai, sote tunashukuru. Lakini haki haikomi hapo. Yatupasa kuuliza: je, anaishije?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa waliopandikizwa pampu ya moyo. Pampu hiyo huwekwa kifuani ili kuusaidia moyo uliochoka kusukuma damu. Waya wake hutokea tumboni hadi kwenye betri anazozibeba mgonjwa. Alalapo, huunganishwa na umeme wa nyumba. Mwaka 2001 yalitolewa Marekani matokeo ya utafiti wa wagonjwa 129 waliokuwa mahututi kwa ugonjwa wa moyo. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya waliopewa pampu walikuwa hai, dhidi ya asilimia 25 ya waliotibiwa kwa dawa. Watafiti hawakuhesabu uhai tu. Walipima na ubora wa maisha.

Kipimo kimoja kinachotumika sana ni dodoso la Kansas City, lililochapishwa mwaka 2000. Lina maswali 23, na alama zake ni kuanzia 0 hadi 100. Humwuliza mgonjwa kama aweza kuvaa, kuoga, kupanda ngazi na kubeba mizigo.

Maswali hayo ni mema. Lakini tuyalete hapa Mlingotini. Mama mkulima wa mwani husubiri maji yapwe, kisha huingia baharini na kuinama kwenye kamba zake. Mwenye pampu hukatazwa kuzamisha mwili majini. Basi mama huyo angeweza kupata alama za juu katika karatasi, kumbe amepoteza kazi, kipato na nafasi yake kati ya wenzake. Na umeme ukikatika usiku, ni dodoso lipi litakalopima hofu yake?

Huenda utasema kwamba pampu hizo ni ghali na ziko mbali nasi. Ni kweli. Lakini ugonjwa wenyewe tunao. Utafiti uliofanyika Muhimbili kwa wagonjwa 427 wa moyo ulioshindwa kufanya kazi, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha wastani wa umri wa miaka 55 tu, na shinikizo la damu likiongoza kati ya visababishi. Hao ni watu ambao familia zinawategemea.

Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hizo ni hatua za kupongezwa. Tunachoomba ni kwamba, wanaoamua tiba ipi ilipiwe wasitazame tu idadi ya waliopona kifo. Wamwulize mgonjwa, kwa lugha yake, kazi gani imemponyoka, na nani anamlea. Asiyeulizwa hahesabiwi; na asiyehesabiwa, haki yake husahaulika.